Muulize Mwalimu: JKT ni hiari au ni lazima?

Mwezi huu barua zenu nyingi zimezungumzia jambo moja: Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT. Kidato cha sita wamemaliza mitihani na majina ya kambi yametoka, huku vijana wa kidato cha nne wakisubiri tangazo la kujitolea. Nimefundisha historia Lindi na Mtwara mpaka nikastaafu, na JKT nimeipitia mwenyewe. Nimeona nizijibu pamoja barua zinazohusiana, na zile za mirathi na mipaka ya mashamba zitangoja toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na ninataka kwenda JKT kwa kujitolea. Baba anasema JKT ni lazima, zamani hakuna aliyeulizwa kama anataka. Babu anasema wao walikwenda kwa hiari yao, tena wakiimba. Nani mkweli? Na nikimaliza nitapata ajira? – Kijana wa Masasi

Marahaba mwanangu. Babu yako na baba yako wote ni wakweli, ila kila mmoja anasimulia wakati wake.

Wazo la JKT lilitoka kwa vijana wa TANU mwaka 1962. Aprili 1963 Baraza la Mawaziri likalikubali, na tarehe 10 Julai 1963 Jeshi la Kujenga Taifa likaanza rasmi, na kambi ya kwanza ikawa Mgulani, Dar es Salaam. Nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka 2 ya uhuru. Vijana waliomaliza shule za msingi walikuwa wanamiminika mijini na kazi hazipo. Serikali ikaona iwakusanye vijana wa makabila yote na dini zote, wale pamoja, walime, wajenge, wajifunze ufundi na kucheza kwata. Mifano ilikuwapo: Ghana ilikwisha kuwa na kikosi chake cha vijana wajenzi, na Waisraeli walikuja kusaidia miaka ile ya mwanzo. Aliyekwenda alikwenda kwa kupenda. Huyo ndiye babu yako.

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles wakaasi. Jeshi lile la kikoloni likavunjwa, na lilipoundwa jipya, wa kwanza kuchukuliwa walikuwa vijana wa TANU na wa JKT. Ninakuomba uliangalie sana tukio hili, kwa sababu tangu hapo kijana wa Tanzania akiitazama kambi ya JKT anaona nyuma yake mlango wa kuingia jeshini. Matumaini uliyonayo wewe leo yana umri wa miaka 60.

Mwaka 1966 ndipo sheria ilipobadilishwa, JKT ikawa lazima kwa waliomaliza kidato cha sita na vyuo. Huyo sasa ndiye baba yako. Ulazima huo ulidumu hadi mwaka 1994 uliposimamishwa, ukarudi 2013. Wa kujitolea, kama unavyotaka kuwa wewe, wana mkataba wa miaka 2.

Kuhusu ajira nitakuambia bila kuzunguka. Tangazo la kujiunga huandika wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana ajira kwingine. Lisome mstari kwa mstari. Ni kweli kwamba majeshi yetu yanapoajiri mara nyingi hutaka aliyepita JKT, kwa hiyo ukienda unajiongezea nafasi. Lakini nafasi ni kitu kimoja na ahadi ni kitu kingine. Mwaka 2018 vijana wa JKT walimaliza ukuta wa kuzunguka migodi ya tanzanite ya Mererani, kilomita 24 na ushei, kazi iliyosifiwa nchi nzima. Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba waliojenga waajiriwe. Aprili 2021, vijana waliokuwa wameshiriki kazi kubwa za ujenzi, ikiwamo ya Ikulu ya Chamwino, wakagoma na kutaka kwenda kwa Rais kudai ajira walizoamini wameahidiwa. Vijana 854 wakakatishwa mikataba na kurudishwa nyumbani.

Jeshini mgomo haukubaliki, na hilo walilijua. Lakini moyo wangu uliniuma kwa ajili yao, na bado unaniuma. Kijana aliyebeba zege miezi na miezi akiamini neno la mkubwa wake si mtu wa kumwita mtovu wa nidhamu kisha ukafunga faili. Kwa hiyo nenda mwanangu, ila nenda na hesabu yako mwenyewe. Chagua ufundi utakaoweza kuishi nao Masasi hata usipoitwa popote: useremala, uashi, umeme, ufugaji wa kuku. Na mtu akikuahidi kitu ambacho hakimo kwenye karatasi uliyotia saini, kisikilize kama habari tu.

Asalaam aleikum. Marehemu bibi yetu kila akisikia watu wanaitwa kwenye kazi za kujitolea alikuwa akisema, "Kazi za Mjerumani hizo, zimerudi." Tulikuwa tunacheka. Sasa ninajiuliza, alikuwa na maana gani? – Msomaji, Kilwa Kivinje

Waaleikum salaam. Msicheke. Bibi yenu alipokea hayo kwa wazee waliomlea, na wazee wa Kilwa walikuwa na sababu.

Kabla ya 1905 watawala wa Kijerumani waliwalazimisha watu wa kwenu walime mashamba ya pamoja ya pamba. Mtu anaacha mtama wake unaliwa na nguruwe, anakwenda kulima pamba ya akida, mtumishi wa Mjerumani, chini ya kiboko, na mwisho wa msimu anapata senti zisizofika popote. Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba ile, na moto wa Majimaji ukawaka kuanzia milima hiyohiyo mnayoiona mkipanda kwenda Kipatimu. Waingereza walipokuja waliendelea kuwatumikisha waliokosa kodi, barabarani na kwenye mizigo.

Baada ya uhuru TANU ikasema Uhuru na Kazi, na vijiji vikajenga madarasa, zahanati na barabara kwa mikono yao. Wengi walifanya kwa moyo mkunjufu, na shule kadhaa za mikoa yetu zimesimama kwa jasho hilo. Lakini palikuwapo pia mahali ambapo asiyefika alitozwa faini, au alichukuliwa kuku wake. Mzee aliyeonja kiboko cha akida hawezi kusikia tofauti kati ya faini ya mkoloni na faini ya balozi wa nyumba kumi.

Mimi ninapimia mambo mawili. Je, wanaofanya kazi walishirikishwa kuipanga? Na je, matunda yake yanabaki kwao? Pamba ya Matumbi ilipandishwa meli. Darasa la Kipatimu limebaki Kipatimu. Bibi yenu alikuwa na haki ya kuuliza, ila jibu halikuwa lilelile kila mahali.

Mwalimu, darasani tumejadili maandamano ya wanafunzi ya 1966 kupinga JKT. Wenzangu wanasema wale walikuwa wasomi wachoyo. Mimi ninasema walidai haki. Tumeshindwa kuafikiana. Wewe unasimama wapi? – Mwanachuo, Mtwara mjini

Tuanze na masharti yenyewe, maana wengi wanahukumu bila kuyajua. Serikali ilitaka anayemaliza kidato cha sita au chuo atumikie miaka 2. Miezi ya mwanzo angekaa kambini. Iliyobaki angefanya kazi aliyoisomea huku akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, wakaandamana hadi Ikulu. Walivaa majoho yao mekundu. Bango mojawapo lilisema kwamba afadhali ukoloni. Tamko lao lilieleza kuwa masharti yasipobadilika, miili yao inaweza kwenda JKT lakini roho zao hazitakuwamo. Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, na waliokuwapo wamesimulia hasira aliyokuwa nayo. Alisema asiyetaka kwa roho yake hatalazimishwa, basi arudi nyumbani. Kwa kuwa wanafunzi waliigusa mishahara ya wakubwa, alisema kweli mishahara hiyo ni mikubwa mno, akaupunguza wa kwake palepale kwa asilimia 20. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa vyuoni na kurudishwa makwao, na wengi wao walikuja kurejeshwa mwaka uliofuata. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na masharti yake makali kwa viongozi.

Sasa unaniuliza ninasimama wapi. Kwanza ninasimama huku kwetu, Kusini. Mwaka 1966 mzazi wa Newala alikuwa anateka maji bondeni na kuyapandisha kichwani mpaka juu ya tambarare ya Makonde, na kodi yake ya korosho ndiyo iliyomlisha na kumsomesha yule kijana wa joho jekundu. Kumwambia mzazi huyo kwamba afadhali mkoloni lilikuwa tusi. Hapo wenzako wana hoja, na hakuna shahada ya kulifuta bango lile.

Lakini usikubali waishie hapo. Waandamanaji waliuliza kwa nini wakatwe wao wakati waziri hakatwi, na swali hilo lilikuwa la haki. Ushahidi ni kwamba Rais mwenyewe alilijibu kwa kuukata mshahara wake. Mtu hajibu swali la kipumbavu kwa asilimia 20 ya kipato chake. Kwa hiyo walikosea kinywa, hawakukosea macho. Tena taifa lenye wasomi wa kuhesabika kuwafukuza 400 kwa siku moja ni adhabu nzito, na mimi kama mwalimu siipendi. Wangeweza kuadhibiwa na bado wakasikilizwa tena.

Jambo ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha ni kufanana kwa 1966 na 2021. Wale wa majoho na hawa wa magwanda wote walielekea kwa Rais, na wote walirudishwa nyumbani. Wa 1966 walikuwa wanaepa mzigo uliokuwa umeandikwa, na wa 2021 walikuwa wanadai ujira uliotamkwa kwa mdomo. Kwangu mimi wa 2021 wana hoja nzito zaidi, ingawa historia imewapa kurasa chache. Jadilini na hilo darasani.

Nikuambie na langu, maana si haki nihukumu kutoka mbali. Mimi nilikwenda kwa mujibu wa sheria, miaka ya 80, nikapangiwa Mafinga. Binti wa Lindi asiyejua sweta! Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, tukalala Ndundu tunangoja pantoni kuvuka Rufiji, na matope ya masika yamefika kwenye ekseli ya basi. Mafinga nilikuta baridi inayouma masikio. Alfajiri mchakamchaka, kisha fatiki, yaani kazi za mikono za kambini, kisha shamba la mahindi, na jioni kwata mpaka nyayo zinawaka. Kitanda cha pili hangani, yaani bwenini, alilala msichana wa Bukoba. Tulianza kwa kugombania ndoo, na ndiye aliyekuja kusimama nami siku ya harusi yangu, akasafiri nchi nzima kwa ajili hiyo. Ningeulizwa kama ninataka kwenda, ningesema hapana. Nisingemjua yule dada mpaka kufa. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kila cha lazima ni dhuluma. Ninachotaka ni kwamba serikali ikimlazimisha kijana, yenyewe nayo ijilazimishe: chakula, tiba, usalama wa mabinti, na neno linalotimizwa.

Mwalimu, sekondari tulifundishwa hesabu na kijana wa Kimarekani aliyesema ametumwa na serikali yake kujitolea. Kumbe hata wenzetu wana mambo haya? Nani alianza? – Msomaji, Newala

Wanayo sana. Huyo mwalimu wenu bila shaka ni wa Peace Corps, iliyoanzishwa na Rais Kennedy tarehe 1 Machi 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, wapima ardhi na wahandisi wa barabara, na walifika hata kabla ya bendera yetu kupanda Desemba mwaka huohuo. Waliondoka 1969, siasa zilipochacha, wakarudi 1979.

Marekani yenyewe ilikuwa na mpango wa zamani zaidi, na huo ndio ninaoupenda kuueleza. Mwaka 1933, uchumi umeanguka na vijana hawana kazi, Rais Roosevelt aliwakusanya kwenye kambi za kupanda miti na kutengeneza hifadhi za taifa. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Fikiria mama anayepokea hizo 25 na watoto watano nyuma yake. Vijana karibu milioni 3 walipita humo hadi ulipofungwa 1942, na miti waliyopanda inazidi bilioni 3. Kilichoufanya mpango ule upendwe ni kwamba manufaa yalionekana nyumbani kwa kijana mwezi uleule. Mwaka 1993 Rais Clinton akaanzisha mwingine, AmeriCorps, ambao humpa anayejitolea fedha za kumsaidia masomo.

Ujerumani inatupa onyo. Walikuwa na kikosi cha kazi cha hiari mwaka 1931. Hitler alipoingia akakigeuza, na 1935 kikawa lazima kwa vijana, jembe asubuhi na siasa ya chuki jioni. Huduma ya taifa yoyote inaweza kuelekezwa pabaya, ikitegemea nani ameshika usukani.

Majirani zetu Kenya walianza yao mwaka 1964. Nigeria walianza Mei 1973, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Biafra. Kule kijana anayemaliza chuo kikuu hutumikia mwaka mmoja katika jimbo ambalo si lake: Mwigbo anakwenda kufundisha kwa Wahausa, Myoruba anakwenda kwa Waigbo. Nia ni kuponya majeraha ya vita. Wapo waliooana kwa sababu hiyo. Wapo pia waliouawa mwaka 2011 katika ghasia za baada ya uchaguzi kaskazini, wakiwa wageni wasio na ndugu wa kuwaficha, na tangu hapo wazazi wengi huomba watoto wao wasipelekwe mbali. Sitamlaumu mzazi huyo.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kike amemaliza kidato cha sita, amepangiwa JKT Nachingwea. Hajawahi kulala nje ya Mikindani. Nina hofu, silali. Kwa nini walikwisha kuifuta wakairudisha? Na aende na nini? – Mama, Mikindani

Marahaba mama. Ilisimamishwa mwaka 1994 kwa sababu ya fedha, serikali ilishindwa kuwalisha na kuwavika vijana wote wale. Ikarudi Machi 2013, Rais Kikwete akiizindua Ruvu, na safari hii hata baadhi ya wabunge vijana walivaa magwanda na kulala hangani. Sasa kwa wa kidato cha sita ni miezi 3, si mwaka kama wetu.

Nachingwea si ugenini, mama. Ni mji uliokuzwa na mashamba ya karanga ya Waingereza baada ya vita kuu ya pili, na baadaye wapiganaji wa Frelimo walifunzwa huko mpaka Msumbiji ikawa huru. Hali ya hewa ni ya kwetu, hatapata baridi niliyoipata mimi. Wiki mbili za mwanzo atalia, hasa usiku. Wiki ya tatu ataanza kukusimulia habari za wenzake, na hapo utajua ameshapoa. Simu huenda asiruhusiwe kuwa nayo, kwa hiyo ukikaa kimya bila habari usidhani ameumia.

Ila kama ana ugonjwa, pumu, selimundu, moyo, au anatumia dawa za kila siku, asifiche hata kidogo. Aseme siku ya kuripoti, mbele ya daktari, na awe na karatasi ya hospitali. Kuna watoto wanaona haya kusema, wanakimbizwa mchakamchaka na kuanguka. Mwambie pia kwamba afande yeyote akimtaka jambo lisilo la mafunzo, amjulishe matroni au mkubwa wa juu palepale, na wewe akujulishe kwa njia yoyote atakayoipata. Mfundishe kulisema hilo kabla hajaondoka, kwa maneno yaliyo wazi, msionee haya.

Vitu: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka 2 za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na traksuti. Soma tangazo la mwaka huu kwanza, maana rangi hubadilika kidogo, kisha ununue. Mapema, kwa kuwa majina yakitoka bei ya bukta hapo sokoni hupanda siku hiyohiyo. Taulo za kike za miezi yote 3, asitegemee duka la kambini. Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule aende navyo, na nakala ubaki nazo wewe nyumbani. Nauli ya kwenda umpe mkononi, na ya kurudi ishone ndani ya begi.